Stellenbosch wana kibao, Mpunguzi tuna mizabibu

Gari halijafika hata mwisho wa mji, mgeni ameshauliza: "Na wewe mwenyewe ukiwa mapumziko, unakwenda wapi?" Natembeza wageni kwenye mashamba ya mizabibu ya Stellenbosch, Afrika Kusini, huu mwaka wa tisa. Kazini swali hilo nalijibu kwa kifupi. Hapa nitalijibu kwa kirefu, maana jibu langu lina Dodoma, nyumbani kwetu, ndani yake na mgeni aliyetoka Ujerumani hakuja kusikiliza habari za Dodoma.

Kwanza niwaambie nisikokwenda. Siendi kwenye yale majumba meupe yanayopigwa picha kila siku, wala sipandi ile tramu ya kuzungusha watalii mashambani kule Franschhoek. Si kwamba ni mabaya. Shamba la Groot Constantia lina historia tangu 1685, na miti ya kafuri ya shamba la Vergelegen iliyopandwa yapata 1700 ukiikuta utasimama tu uitazame. Lakini ukishapeleka watu sehemu mara mia tatu, inakuwa kama kituo cha daladala.

Mimi naenda Pniel. Unaupanda mlima wa Helshoogte, ukianza kuteremka upande wa pili kijiji hicho hapo, mizabibu na miti ya matunda kila upande. Kilianza 1843 kama misheni ya watu waliotoka utumwani. Utumwa ulikuwa umefutwa 1834, ila walizuiliwa kwa mabwana wao miaka minne zaidi, eti wanajifunza kazi. Watumwa wa Cape, yaani eneo hili la huku, waliletwa kutoka Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na jasho lao ndilo lililojenga mashamba haya. Mashambani utaambiwa habari za pipa la mwaloni hadi uchoke. Habari za waliolibeba hilo pipa utaambiwa ukiuliza.

Kisha naendelea hadi geti la gereza la Drakenstein, njia ya kwenda Paarl. Mandela alitoka hapo tarehe 11 Februari 1990, na sasa imesimama sanamu yake, ngumi juu. Wengi hawajui kuwa mzee alitokea katikati ya mashamba ya mizabibu, tena msimu wa mavuno. Huwa naegesha gari, nakaa. Hakuna wa kuniuzia chochote.

Sasa wivu wangu. Mwaka 1971 wenye mashamba wachache wa Stellenbosch walikubaliana kufungua milango kwa wapita njia: weka kibao barabarani, weka glasi mezani, mtu aje aonje. Ndiyo ikawa njia ya kwanza ya mvinyo nchini humu, yaani barabara ya kuonja shamba hadi shamba. Leo watu wanakaa kwenye ndege kwa muda wa saa kumi na zaidi kuja kuonja mvinyo na kuutema kwenye ndoo. Naam, kuutema. Siku ya kwanza kumwona mzee wa watu anatema mvinyo wa bei ile nilidhani umechacha.

Kwetu ni Mpunguzi, Dodoma, barabara ya Iringa, ukishapita Bihawana ambako mapadre walilima zabibu tangu zamani. Huku Cape mzabibu unalala majira ya baridi, unavunwa mara moja, basi. Dodoma haulali. Ukipogoa unachipua, baada ya miezi minne hivi unakata vichala, kwa hiyo kwa mwaka tunavuna mara mbili. Nikiwaeleza wataalamu wa huku wananiangalia kama nawadanganya. Halafu pita Mpunguzi na basi la Iringa uone kama kuna kibao hata kimoja cha kukwambia ushuke.

Zabibu haisubiri mtu. Kuna mwaka mnunuzi wetu, mwenye kiwanda, alisimamisha ununuzi katikati ya msimu. Kreti zilikaa chini ya mbuyu siku tatu, nyigu wamezijaa, maji yanachuruzika mpaka mchanga ukawa mweusi. Mama alianika alizoweza, zilizobaki wakala mbuzi. Siku hizi wapo wanaokamua wenyewe na kuuza mchuzi wa zabibu, yaani yale maji yake, nao wanamtegemea mwenye kiwanda huyohuyo.

Lakini sitaki mtu anisome vibaya akadhani nasema tuwe kama Stellenbosch. Ekari mbili za mama ni za mama. Huku nawafahamu watu ambao babu zao walipogoa shamba hilohilo, wao wanapogoa shamba hilohilo, na hawana hata shina moja la kuita lao. Kwa vizazi vingi sehemu ya ujira wao ilitolewa kwa mvinyo. Waliuita mfumo wa dop. Umepigwa marufuku, ila watoto wanaozaliwa na madhara ya pombe waliyoipata tumboni bado ni wengi kupindukia katika mkoa huu. Hilo halimo kwenye ziara yangu ya nusu siku. Akiniuliza mtu, namweleza.

Ninachokitaka kwao ni kile kibao na ile meza. Treni ya SGR inaleta watu kutoka Dar hadi Dodoma tangu 2024, wanashuka, wanahudhuria semina, wanarudi. Wangapi wameshawahi kula zabibu shambani, kwa mkono wao, asubuhi kabla jua halijapanda?

Nilimwambia hayo mdogo wangu Desemba nilipokuwa nyumbani. Alicheka. Juzi kanitumia picha: kipande cha mbao kapigilia kwenye nguzo njia panda, rangi ya bluu, maandishi yamekwenda upande, "SHAMBA LA ZABIBU KARIBU UONJE." Nikamuuliza wamekuja wangapi. Bodaboda wawili na mwalimu mmoja. Mwalimu alinunua kilo tatu. Bodaboda walionja tu, wakasema watarudi.