Daktari akiugua ulevi, nani ashike leseni yake?

Kila asubuhi kwenye kliniki ya Muhimbili ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, iliyoanza mwaka 2011, waraibu hupanga foleni dirishani. Unapewa kikombe, unakunywa muuguzi akikutazama, unaondoka. Sasa mweke daktari kwenye foleni hiyo. Hajafika dirishani ameshaamkiwa "shikamoo dokta" mara tatu, na jioni habari iko Mbagala.

Ndiyo maana daktari aliyezama kwenye pombe, au aliyeanza kujidunga pethidini ya wodini, ile dawa kali ya maumivu, hajitokezi. Wenzake humshikia zamu, matroni hunyamaza. Funika kombe mwanaharamu apite. Anayeumia ni mgonjwa aliyelala mezani.

Wamarekani waliamua kufunua kombe. Tangu miaka ya 1970 majimbo yao yamekuwa yakianzisha programu za afya ya madaktari. Ukibainika, ama leseni iende, ama usaini mkataba, kwa kawaida wa miaka 5. Wengi huanza kwa kulazwa wiki kadhaa, kisha huitwa siku yoyote, bila taarifa, kutoa mkojo. Ukikaidi, bodi inayotoa leseni inaambiwa. Na matokeo yapo: utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia madaktari wa programu 16. Kati ya 802, baada ya miaka 5, 631 walikuwa na leseni na wako kazini. Sijui soba hausi gani hapa mjini inayoweza kutamba hivyo.

Ila kuna wanaotoka humo na uchungu, na mimi siwaoni kuwa walalamishi tu. Wapo wanaosema hawakuwa waraibu kabisa: walikuwa na sonona, au wamesemewa na mtu waliyegombana naye kazini. Wanapelekwa kupimwa kituo cha mbali, kwa pesa zao. Ukisema huna tatizo, kukana kwenyewe kunaandikwa kuwa dalili. Kipimo kimoja cha pombe kwenye mkojo ni kikali kiasi kwamba hata dawa ya kusafishia mikono inaweza kukiwasha, na daktari anajipaka hiyo kutwa nzima! Mkaguzi wa serikali wa North Carolina aliikagua programu ya jimbo lake mwaka 2014. Ushahidi wa uonevu hakuuona, lakini alisema usimamizi ulikuwa legelege kiasi kwamba uonevu ungeweza kupita bila kugundulika.

Hapo ndipo ninaposimama. Fimbo ya leseni naikubali, maana bila hiyo wengi wasingemaliza hata mwezi. Ninachokataa ni anayetibu kuwa ndiye anayeshtaki. London ilifungua huduma ya madaktari wagonjwa mwaka 2008, mtu anakwenda mwenyewe na siri yake inatunzwa. Kwetu leseni iko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na ibaki huko. Anayetibu awe mwingine, na afungue mdomo pale tu mgonjwa anapokuwa hatari kwa watu.

Nilimsomea haya rafiki yangu, daktari wa usingizi, mtu anayeshika dawa kama pethidini kila siku. Alicheka. "Sawa, lakini huyo wa kunitibu utamtoa wapi? Dar hii nusu yao nimesoma nao, nusu nimewafundisha."