Nusu ya Bagamoyo ni Ugogo

Ikitajwa Bagamoyo, watu husema magofu ya Kaole, Ngome Kongwe, milango ya nakshi na Wajerumani waliokuwa na makao makuu pale kabla ya kuhamia Dar es Salaam 1891. Sawa. Lakini mji ule wa wachongaji, wanasarakasi na wapiga ngoma tunaoujua leo ulichipuka 1981 kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa, ambacho sasa kinaitwa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo). Na sauti yake inayotambulika mbali kuliko zote ilitoka huku kwetu bara. Mwanamuziki Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, alifundisha pale na akafia palepale 2003. Ukoo wake umeendelea kupiga.

Ilimba, ala ya Kigogo ya sanduku la mbao na funguo zinazopigwa kwa vidole, ikihamia pwani hupata tabu. Hewa ya chumvi inazitia kutu funguo za chuma. Unyevu hulegeza ngozi za muheme, ngoma za akina mama wa Kigogo, ndiyo maana huzipasha motoni au juani kabla ya kuzibana mapajani. Tundu la sanduku la ilimba huzibwa kwa utando wa buibui, na utando huo ndio unaotoa mvumo. Ukichanika, ilimba hulia kavu kama kopo.

Lakini kutu husuguliwa ikatoka. Kinachoua muziki wenyewe ni kuilinganisha ilimba na kinanda. Ufunguo ukisukumwa ndani, sehemu inayotikisika hufupika na sauti hupanda. Ukivutwa nje, hushuka. Rahisi mno, na ndipo mwanafunzi anapoharibu. Ngazi ya Kigogo, yaani mpangilio wa sauti zake, hufuata sauti ndogo za asili zinazolia pamoja ndani ya uzi mmoja ukipigwa, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba iko chini ya sauti ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu-toni. Ukiipandisha ukidhani unaisahihisha, zeze na waimbaji hawakubaliani nayo tena, na ule uimbaji wa sauti nyingi kwa pamoja unavurugika.

Sikio la namna hiyo hukuzwa Ugogo, kwa kusikia tangu utotoni. Chamwino, hapa Dodoma, wana tamasha la muziki wa Kigogo, na ni jambo kubwa, ila tamasha ni la siku chache. Dodoma inahitaji karakana ya kudumu: mbao, nyundo, tupa, na mzee wa kusikiliza kila ufunguo.

Kwa sasa anayetaka chuo hushuka Morogoro hadi Chalinze, hukata kushoto kwenda Msata, kisha kulia kilomita 64 hadi baharini. Ilimba isafiri imefungwa kitambaa kikavu, funguo zimepakwa mafuta kidogo, na utando wa akiba.