Nyayo 31

Mimi huwaambia watu kwamba usiku ule mke wangu aliposhikwa na uchungu nilikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Nalisema hilo kwa kujiamini kabisa, nikiwa nimekaa, mtoto begani. Shida ni kwamba ushahidi uko nje, umelala kati ya mlango na geti, na una unene wa sentimita 7.

Wanasema mama mjamzito akikaribia siku zake huanza kupangapanga nyumba bila kuambiwa. Kwetu ugonjwa huo ulinishika mimi. Mimba ilipofika wiki ya 36, mke wangu alikuwa amejilaza ubavu anasoma, na mimi niko juu ya ngazi nakwangua rangi ya zamani, vumbi lote kichwani. Nilijipa kazi tatu: kupaka rangi chumba cha mtoto, kuchimba mtaro wa maji ya mvua pembeni mwa nyumba, na kumwaga njia ya zege kutoka mlangoni hadi getini, ili mtoto atakapoletwa nyumbani asipitishwe kwenye tope. Hoja ya tope niliirudia mara nyingi sana. Sikujiuliza tangu lini mtoto mchanga akatembea.

Nilikuwa na wiki nne, kazi tatu. Hata mvivu angemaliza. Nilichopuuza ni kwamba ile tarehe wanayokuandikia kliniki ni makadirio tu. Kati ya watoto 20, labda mmoja ndiye anayezaliwa siku yenyewe, na kuanzia wiki ya 37 anaweza kubisha hodi na asiwepo wa kushangaa. Mke wangu aliniambia haya yote kwa utaratibu. Lakini nilikuwa nimechomeka penseli sikioni, na mtu mwenye penseli sikioni hasikii.

Nikaanza na rangi. Chumbani kulikuwa na kabati kubwa la nguo, nikalisukuma nje hadi ukumbini, likaishia kuegemea mlango wa nyuma. Nikasema litakaa hapo siku mbili. Rangi ikataka kupakwa mara ya pili, halafu ya tatu, maana ya chini ilikuwa kijani iliyokolea na ilikuwa inachungulia. Nikiwa nangoja ikauke, nikaona si vizuri kukaa bure, nikaanza mtaro. Nikafika kina cha goti, nikachoka. Nikiwa napumzika mtaro, nikaagiza kokoto. Hapo nikazidisha palipotakiwa kugawanya, na zikaja mara tatu ya nilizohitaji. Zikamwagwa upande wa kulia wa kibaraza, lundo linalonifika kifuani.

Naomba uichore picha hii akilini. Mlango wa nyuma: kabati. Kushoto kwa kibaraza: mtaro. Kulia: mlima. Njia pekee ya kutoka ndani ya nyumba ile ilikuwa mbele, na hiyo ndiyo niliyoimwagia zege Jumamosi ya wiki ya 38.

Tulichanganya na mdogo wangu kwa beleshi tangu saa 3 asubuhi. Ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Maji nayo yana kipimo chake, lakini zege zito linaumiza mgongo, kwa hiyo kila mdogo wangu alipogeuka kujifuta jasho nilikuwa naongeza kopo moja. Likawa laini kama uji. Tukalimwaga kati ya mbao za fomu, mita 6 kwenda mbele, tukalisawazisha, na saa 12 jioni nikapitisha mwiko mara ya mwisho. Lilikuwa linang'aa. Nilisimama kibarazani nikalitazama jinsi watu wanavyotazama bahari.

Mama mkwe, aliyekuwa amekuja kumsaidia binti yake siku za mwisho, akatoka akasimama kando yangu.

"Baba, limependeza," akasema. "Sasa sisi tunatoka wapi?"

"Mama, hadi kesho litakuwa limekauka. Kwani usiku huu kuna anayetoka?"

Akanitazama kidogo, akarudi ndani. Mdogo wangu alikuwa ameshaondoka. Wenye akili huondoka mapema.

Saa 1 na nusu usiku, nikiwa bafuni naosha mwiko, nikasikia mke wangu ananiita kutoka chumbani. Sauti ya kawaida tu.

"Chupa imepasuka."

"Iache hapohapo usije ukajikata," nikajibu. "Nakuja na ufagio."

Nilifika na ufagio kweli. Nilimkuta amesimama katikati ya chumba, nguo imelowa, anautazama ufagio, kisha ananitazama mimi, kisha anautazama tena ufagio. Ilinichukua muda kuelewa ni chupa gani. Wanawake wawili wakaningoja nielewe.

Kuanzia hapa kumbukumbu yangu na kumbukumbu ya zege hazipatani.

Ninavyokumbuka mimi, nilichukua mkoba, nikampigia simu jirani mwenye gari, nikarudi kumshika mke wangu mkono. Zege linasema hivi: kwanza nilikanyaga hatua mbili, nikazama hadi kifundoni, nikageuka. Nikaja na wazo. Mbao zote za nyumba zilikuwa kazini zimeshikilia zege, isipokuwa za kitanda cha mtoto, ambacho kilikuwa bado vipandevipande ndani ya boksi. Nikatoa ubavu mmoja wenye vijiti, nikaulaza juu ya zege kama daraja, nikaukanyaga. Ukashuka taratibu pamoja na mimi. Alama ya vile vijiti ipo mpaka leo, kumi na viwili, vimejipanga vizuri kabisa. Ndiyo sehemu pekee ya ile njia iliyonyooka.

Nikauvuta ule ubavu, nikaenda nao getini, sijui kwa nini. Nikarudi bila ndala moja. Nikaitafuta ndala kwa mikono. Nikaenda tena getini na mkoba. Nikarudi kuuliza kama nimechukua mkoba.

Mke wangu akangoja maumivu yapite, akavuta pumzi, akaniambia, "Hebu sogea." Akatembea. Hatua 9 kwa mita 6, kisigino na vidole, nafasi sawa, pembezoni mwa njia ili asiharibu katikati. Mama yake akapita juu ya ukingo wa ubao wa fomu, mguu mbele ya mguu, kama ndege juu ya waya, wala hakugusa zege hata kidogo. Ndiyo maana katika jambo hili yeye ana haki ya kusema kuliko sisi sote.

Hospitali mkunga alinitazama kuanzia chini kwenda juu. Miguu ya saruji, magoti ya tope, mkononi ubavu wa kitanda.

"Baba, hilo tope la nini?"

"Nilipiga magoti kufungua geti," nikasema.

Akanituma nikaoshe miguu kabla sijakanyaga ndani, na ninamshukuru hadi leo, kwa sababu saruji mbichi huunguza ngozi. Haichomi papo hapo kama moto, inakusubiri utulie. Hata hivyo nilikuwa nimechelewa, na wiki iliyofuata nyayo zilimenyeka kama ngozi ya nyoka anayejivua gamba.

Niliporudi, mkunga akaomba mkoba wa mama. Mikoba yetu ilikuwa miwili, inafanana, ilikaa pamoja nyuma ya mlango. Akaingiza mkono akitafuta nguo za mtoto, akatoa pima maji. Akauweka mezani kwa adabu. Akatoa mwiko. Akatoa rola iliyoganda rangi. Mwisho akatoa timazi, akaishika kwa kamba, ile risasi ya chuma ikawa inabembea mbele ya uso wake.

"Na hii?"

"Inapima ukuta kama umesimama wima."

Akautazama ukuta, nadhani bila kukusudia. Mke wangu alikuwa amejikunja kitandani na mabega yanatetemeka. Nikamkimbilia nikidhani uchungu umezidi. Alikuwa anacheka.

Binti yetu alizaliwa siku ya pili yake saa 8 mchana, kilo 3.1, ngumi zimekunjwa, uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Piga hesabu mwenyewe: saa 18 na nusu tangu chupa ipasuke. Mimba ya kwanza mara nyingi haina haraka, uchungu unaweza kula usiku mzima na nusu ya siku. Ni kweli chupa ikipasuka mtu anatakiwa aende hospitali, lakini kwenda si kukimbia. "Ungeweza kulisogeza kabati," mke wangu aliniambia jioni ile, mtoto kifuani, "tukapita mlango wa nyuma, na muda wa kunywa maji ukabaki."

Tuliporudi nyumbani zege lilikuwa limeshika. Nyayo zote zilikuwa pale, hata alama za vidole gumba. Nikamwita fundi rafiki yangu. Alizunguka, akachuchumaa, akaingiza mkono ndani ya unyayo mmoja, akanyamaza kwa heshima. Halafu akasema kuna njia mbili: nivunje lote nianze upya, au niliache. Kupaka saruji nyembamba juu ya mashimo ni kujidanganya, itabanduka. Kuvunja maana yake sululu na nyundo dirishani kwa mtoto wa siku tatu. Tukaliacha.

"Lakini limwagilie," akasema.

"Limwagilie la nini? Si limeshakauka?"

Hapo ndipo nilipojifunza, nikiwa na umri huu, kwamba zege halikauki kama nguo. Linakomaa, na chakula chake ni maji. Likinyimwa siku za mwanzo linapasuka na kubaki dhaifu. Angalau siku 7 liwe na unyevu, na nguvu yake hasa hupimwa likifikisha siku 28. Kwa hiyo nilikuwa na wachanga wawili. Wa ndani ananyonya kila baada ya saa 2 au 3, mara 8 hadi 12 kwa siku, hajui usiku wala mchana. Wa nje naye anataka maji. Wa ndani alipungua uzito kidogo siku za kwanza, nikataka kukimbia tena hospitali, nikaambiwa ni kawaida ya watoto wachanga. Wa nje naye akasinyaa kidogo, ukaonekana ufa mwembamba pembeni. Huyo hakuwa na wa kunipa moyo.

Kazi yangu ya usiku ilikuwa kumbadilisha mtoto nepi, kumpa mama yake, na kumpokea ili acheue. Katikati hapo kuna dakika ishirini za kusimama tu kama mlingoti. Nikaona nizitumie. Usiku wa nne, saa 9, niko nje na bukta, nepi safi begani, mpira wa maji mkononi. Taa ya jirani ikawaka. Mzee wa watu akatokeza kichwa juu ya ua.

"Kijana, unamwagilia nini?"

"Zege, mzee."

Akafikiri.

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mzee."

"Mama yake?"

"Hajambo."

"Na wewe?"

Nikashindwa kujibu. Akazima taa.

Kuhusu chumba, nitasema kwa kifupi kwa sababu bado kinauma. Kilipakwa mara nne, rangi ya maziwa. Siku ya kuruhusiwa, mkunga alitueleza kwamba inashauriwa mtoto alale chumba kimoja na wazazi wake kwa angalau miezi 6 ya mwanzo, kwenye kitanda chake mwenyewe. Nilimuuliza kama ushauri huo una muda mrefu. Akasema una muda. Kitanda nikakiunga chumbani kwetu, ubavu mmoja una saruji kwenye vijiti ambayo nimeikwangua kwa msasa na haitoki. Kwenye chumba kile kizuri anakaa kabati. Peke yake.

Sasa mama mkwe. Kila akija hapiti moja kwa moja kuingia ndani. Husimama getini, huweka mkoba chini, huhesabu. Za binti yake 9. Zangu 31. Akiwa na mgeni humtembeza: hapa alikuwa anakwenda, hapa alikuwa anarudi, hapa ndala. Mimi nikiwa sebuleni namsimulia mgeni mwingine habari za utulivu, nasikia sauti nje inasema, "Na hapa alisimama akazunguka. Mara mbili."

Nimezoea. Mvua ikinyesha nyayo zangu zinajaa maji na kukaa nayo siku mbili, za mke wangu zinakauka mchana uleule, na hilo nalo nimelizoea.

Ila wiki iliyopita aliniita. Nikamkuta ameinama upande wa kushoto, pale zege linapopakana na ule mtaro ambao hadi leo sijaufukia. Alikuwa anafagia mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Baba, njoo uone. Hiki ni kiganja."

Nikainama. Kilikuwa kiganja, vidole vitano vimetanuka, na nyuma yake mburuzo mrefu unaoelekea mtaroni.

"Si ulisema yale magoti yaliingia tope ukifungua geti?"

"Hapo nilikuwa napima kina, mama."

"Kwa kidevu?" akauliza, akanionyesha pembeni.