Sifa Niliyoifuata Konde

Nianze na ndevu, maana ndizo zilizoponzeka. Nilizifuga tangu Ramadhani, nikizipaka mafuta na kuzichana kwa kitana cha mfukoni, na ilipofika Novemba zilikuwa zimejaa hasa. Kinyozi wangu wa Michenzani alikuwa akinigeuzageuza kidevu kama mtu anayechagua embe sokoni.

Mwezi huo mke wangu akasema twende kwao Konde, Pemba, tukaukaribishe msimu. Kusi limekwisha kata, kaskazi bado haijashika, na bahari katikati hapo imetulia kama maziwa kwenye sinia. Wenyewe wanaita tanga mbili, kwa kuwa chombo kinaweza kutweka tanga kikaelekea kusini au kaskazini, kitakavyo. Mvua ya vuli inapiga alfajiri, saa tatu jua limetoka, na kila kitu kinanukia: udongo, embe za kwanza, karafuu zilizoanikwa kwenye majamvi mpaka ukingoni mwa barabara. Dereva wetu alikuwa akizikwepa karafuu zile kwa adabu ambayo kuku hawakuipata.

Hiyo ilikuwa mara yangu ya pili kufika ukweni. Ya kwanza siihesabu, nilikuwa bwana harusi, kazi yangu ilikuwa kukaa kimya na joho. Safari hii nilitaka wanione mtu. Maana mtu wa Unguja, tena wa Ng'ambo ya mjini, akifika shamba Pemba hudhaniwa hajui jembe na upawa kipi ni kipi. Baba mkwe alilianza hilo hata chai haijamiminwa.

“Tufani la 1872 liliwaangushia mikarafuu yenu Unguja,” alisema, “nanyi tangu siku hiyo hamkuinuka. Mnakaa barazani mnakunywa kahawa.”

Alilitaja tufani lile kama kwamba alikuwepo yeye mwenyewe, amezuia mlango kwa mgongo.

Kesho yake ilikuwa siku ya kwenda Vumawimbi. Nyumba ile ina desturi, kila msimu ukigeuka hukodi gari, wakapika, wakenda kushinda ufukweni. Mama mkwe aliamka usiku. Kulikuwa na mkate wa kumimina, pweza wa nazi kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa, muhogo wa kuchoma, madafu, na mfalme wa siku ile: fenesi la mwanzo la mfenesi wa nyuma ya jiko, kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mashemegi wawili walilibeba kwa zamu.

Mimi nilijitolea kupanga vitu kwenye pakacha. Humo nikakuta kichupa cha mafuta ya nazi kimezongwa gazeti. Nikajisemea, haya ni mafuta ya nywele ya mke wangu, na nani anakwenda pwani kutengeneza nywele? Nikakitoa, nikakiweka dirishani, mahali pake nikatia embe boribo tatu.

Njia ya Vumawimbi inapita ndani ya Msitu wa Ngezi. Nje jua kali, ukiingia tu kunapoa kama umefungua mtungi. Watoto wote walinyamaza, hata baba mkwe na tufani lake. Halafu miti ikaachana, na mbele yetu mchanga mweupe, laini kama unga wa sembe, na bahari imelala. Ufukwe wote ulikuwa wetu, ila mbali kidogo wavuvi wawili walikuwa wameipandisha mashua yao juu wanaishughulikia. Naomba muwakumbuke hao.

Tukala. Mbele ya wakwe mtu hali akashiba, kwa hiyo lilipoletwa fenesi nilikuwa na njaa na hamu ya kusifiwa, vyote viwili kwa pamoja.

“Nipeni kisu,” nikasema.

Mama mkwe akapekua pakacha. “Kile kichupa changu cha mafuta kiko wapi? Nilikitia mwenyewe.”

Hapo ndipo nilipojua kile kichupa kilikuwa cha nini. Mtu mwenye akili angekiri. Mie nikasema, “Mama, mafuta ya nini? Kisu kikali kinatosha.”

Pakawa kimya. Shemegi mdogo alijisogeza mbele, akakunja miguu, akanitazama kama mtu aliyekwisha lipa kiingilio.

Kisu kikaingia vizuri. Fenesi likaachana, na utomvu ukatoka mweupe, mzito, unavutika kama uzi. Nilijua kwa kusoma kwamba mfenesi na mshelisheli ni ndugu, na kwamba utomvu wao ndio watoto hufanyia ulimbo wa kutegea ndege. Lakini nilijua kwa kichwa. Viganja vyangu havikuwa na habari. Nikachambua kokwa mbili, tatu, vidole vikaanza kushikana vyenyewe kwa vyenyewe. Na hapo nzi akaja, akatua kidevuni.

Mkono ulikwenda. Haukurudi.

Nilipouvuta, nusu ya ndevu ilikuja na mkono na nusu ikabaki na mimi, na machozi yalinitoka mbele ya mama mkwe, jambo ambalo hata siku ya ndoa sikulifanya. Nikakimbilia baharini. Kumbe utomvu na maji hawajuani. Unayeyuka kwa mafuta tu, maji yanaugandisha ukawa mpira. Shemegi mdogo akanifuata mpaka ukingoni, uso umejaa huruma.

“Sugua kwa mchanga, shemegi. Unatoka mara moja.”

Na mimi, mtu mzima mwenye cheti cha uhasibu, nikasugua.

Nilirudi jamvini na kidevu kama kitumbua kilichoanguka chini. Mke wangu alitazama baharini, mabega yanamtikisika. Mtoto wa dada yake, mwenye miaka saba, alinisogelea akanikagua, akaniuliza kwa heshima zote, “Baba mdogo, ukimaliza kuutumia huo ulimbo utanipa? Kuna chiriku namtaka.” Mwengine akashauri nichovye ndevu kwenye mchuzi wa pweza, kwa vile nazi ina mafuta. Mama mkwe alilikataa shauri hilo, lakini si kwa haraka niliyoitarajia.

Baba mkwe akasimama, akawapungia mkono wale wavuvi. Akaja mmoja, mzee, na kopo lililokatwa juu, ndani mna kitu cheusi kinachocheza polepole. Nikaisikia harufu kabla ya salamu.

Ilikuwa sifa. Kwa wasiokaa pwani, sifa ni mafuta ya maini ya papa, wanayopaka mbao za vyombo zisiharibike. Msimu ukigeuka ndipo wengi hupandisha vyombo vyao wakavipaka, na mashua ile ilikuwa nusu yake imekwisha ng'ara. Harufu yake sijui niieleze vipi. Fikiria papa aliyekufa zamani na bado ana kinyongo.

“Hakuna chengine, babu?” nikauliza.

“Kuna mafuta ya taa,” akasema mzee, “lakini vijana wanavuta sigara.”

Baba mkwe akanishika bega. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyesubiri sentensi moja tangu jana.

“Si ulikuja kutafuta sifa, mwanangu? Haya, pakwa.”

Hapo mke wangu aliacha kutazama baharini, akakaa chini kwenye mchanga akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Mzee alinipaka kwa kitambaa kile kile cha mashua, kutoka juu kuja chini, kwa mwendo ule ule. Na lazima niseme kweli, ilifanya kazi. Utomvu ulilainika, ukatoka madonge madonge, pamoja na mchanga, pamoja na meno matano ya kitana changu. Kisha mama mkwe akanitilia fenesi kwenye sahani, tamu kama asali, na kila kokwa niliyotia mdomoni ilionja papa.

Kurudi nilikaa nyuma kabisa ya gari, kwa ombi la umma. Nyumbani nilikoga kwa sabuni, nikakoga kwa ndimu, nikafukizwa udi. Ikawa papa mwenye udi. Usiku paka wa Konde walikusanyika chini ya dirisha wakalia hadi saa nane. Baba mkwe alitoka akarusha kandambili, na mpaka leo sijajua aliwarushia wao au mimi.

Siku ya tatu, bandarini Mkoani, kijana wa kupokea mizigo alinusa hewa, akalitazama begi langu.

“Papa hapandi juu na abiria, kaka. Mteremshe kwenye mizigo.”

Nikafungua begi. Karafuu, boribo, kokwa za fenesi za kuchemsha, na kichupa cha mafuta ya nazi kilichozongwa gazeti, zawadi ya mama mkwe. Kijana akapekua hadi chini.

“Sasa papa yuko wapi?”

Mke wangu hakusema neno. Alinyoosha kidole tu, akamuonesha kidevu changu.