Skendo za wachoraji tunazijua, waliochorwa je?

Kuna ubishi haujawahi kuisha kati ya wapenda sanaa, kwamba ukishajua uchafu ulioko nyuma ya mchoro maarufu je unaendelea kuutazama kama zamani au ndo basi tena. Upande mmoja wanasema picha ijitetee yenyewe, rangi ni rangi, ukianza kuchimba maisha ya mchoraji unageuza sanaa kuwa umbea. Upande wa pili wanasema hapana, nyuma ya ile picha kuna mtu aliumia na kunyamaza ni kuendelea kumuumiza. Mi naona pande zote zina hoja za maana kabisa ila wote wanateleza sehemu moja, wanabishana kuhusu mchoraji tu, alikuwa mwema au alikuwa shetani, na yule aliyekaa mbele yake masaa na masaa bila kutikisika hata jina lake halitajwi.

Mfano wa kwanza kila mtu anaujua, Caravaggio, mchoraji wa Italia. Tarehe 28 Mei 1606 alimuua mtu Rome kwenye ugomvi, anaitwa Ranuccio Tomassoni, akakimbia, Naples, Malta, Sicily, hadi akafa mwaka 1610 akiwa njiani kurudi, akitegemea msamaha wa Papa. Hii stori inauza kweli, na siwezi kusema haina kazi, maana ile picha yake ya Daudi ameshika kichwa cha Goliathi, kile kichwa kilichokatwa ni sura ya Caravaggio mwenyewe, sasa bila kujua alikuwa mtu anayetafutwa kwa mauaji unakosa nusu ya picha. Hapo wanaotetea stori wameshinda bila shida. Lakini angalia mchoro wake mwingine, Kifo cha Bikira Maria, ambao watawa wa kanisa la Santa Maria della Scala waliukataa. Waandishi wa enzi zile wenyewe hawakukubaliana kwanini ulikataliwa, mmoja anasema modo, yaani mwanamke aliyekaa kuchorwa, alikuwa kahaba aliyependwa na Caravaggio, mwingine anasema tatizo ni mwili kuvimba na miguu kuwa wazi. Rubens, mchoraji mwingine maarufu, akamshauri mtawala wa Mantua huko Italia aununue, leo uko makumbusho ya Louvre Paris, na ukisikiliza watu wanavyousimulia utasikia kahaba kahaba kahaba kana kwamba ilithibitishwa mahakamani. Huyo mwanamke hakuwahi kuulizwa chochote, kilichobaki kwake ni tetesi.

Sasa hoja kali zaidi ya wale wanaosema tuache stori inatoka kwa Artemisia Gentileschi, mchoraji wa kike wa Italia, na nadhani wanaopenda stori huwa wanaikwepa. Artemisia alibakwa mwaka 1611 na Agostino Tassi, mchoraji aliyekuwa anafanya kazi na baba yake, kesi ikaendeshwa mwaka 1612, na wakati anatoa ushahidi alifungwa kamba vidoleni zikakazwa ili waone kama anasema ukweli. Vidole vya mchoraji! Yeye ndo alibakwa, yeye ndo akateswa. Tassi akapatikana na hatia ila adhabu yake ya kufukuzwa mjini haikutekelezwa. Baada ya hapo Artemisia akachora Judith, mjane wa kwenye hadithi ya Biblia, anamkata kichwa Holofernes, jemadari wa adui, damu inaruka, mikono ya wanawake wawili imeshikilia kazi kweli kweli, na kila mtu anasema ona, analipiza kisasi kwa brashi. Inawezekana. Ila mwaka 1610, kabla ya lile tukio, akiwa binti wa miaka 17 hivi, alishachora Susanna, mwanamke mwingine wa hadithi za Biblia, akisumbuliwa na wazee wawili, na ile Susanna inajikunja kwa kukereka kiasi kwamba ukificha tarehe watu wote watakuambia hii ni picha ya mtu aliyebakwa. Kumbe ilitangulia. Maana yake alikuwa na jicho tayari, alikuwa anajua kuchora mwili wa mwanamke asiyetaka kuguswa kabla mtu hajamfanyia unyama, na mwaka 1616 akaingia kwenye chuo cha wachoraji cha Florence, akapata oda kutoka kwa watawala, akafanya kazi miaka mingi sana. Ukimsoma kwa ile kesi peke yake unampa Tassi sifa ambayo hastahili hata chembe, kana kwamba yeye ndo alimtengeneza. Hili linaniuma kusema kweli, maana wanaolifanya wengi wana nia njema kabisa.

Kwahiyo tufunge vitabu, tuangalie rangi tu? Hapana, na sababu yangu ni Marie van Goethem, modo wa msanii wa Kifaransa Degas. Degas alipoonyesha ile sanamu ya nta ya binti mcheza dansi wa miaka 14 huko Paris mwaka 1881, wakosoaji walimtukana yule mtoto, walimfananisha na nyani, wakasema uso wake unaonyesha tabia mbovu. Wanasema "picha ijitetee yenyewe", haya, hiyo picha ilijitetea vipi mbele ya watu wale? Marie alikuwa mtoto wa mama mfua nguo, mjane, alikuwa anacheza Opera ya Paris ambako wanaume wenye pesa walikuwa wanalipia kiingilio cha msimu mzima na kupata ruhusa ya kuingia hadi nyuma ya jukwaa kwa mabinti, na watu wote walijua wanafuata nini kule. Mwaka 1882 Marie alifukuzwa kwa utoro na baada ya hapo hajulikani alikoishia. Nakala za shaba zikatengenezwa baada ya Degas kufa mwaka 1917, na moja mwaka 2022 iliuzwa kwenye mnada kwa zaidi ya dola milioni 41. Mi naamini ukijua haya hata umbo lenyewe unaliona tofauti, kile kidevu kilichoinuliwa na mikono iliyofungwa nyuma. Wakosoaji wa 1881 waliona kiburi, wewe unaona mtoto aliyechoka anayefuata maelekezo. Hapo stori imekufanya uangalie vizuri zaidi, na kazi ya Degas haijapungua chochote, imekuwa ngumu zaidi kuikwepa.

Vilevile kwa mwanamke mweusi aliyechorwa na Marie-Guillemine Benoist, mchoraji wa kike wa Kifaransa, mwaka 1800. Kwa miaka mia mbili na kitu jina la ile picha lilimtaja kwa rangi yake tu, na wataalam wakawa wanabishana anawakilisha nini, uhuru? Ufaransa yenyewe? maana kuna kitambaa cheupe, shali ya bluu na utepe mwekundu, rangi za bendera zile. Ufaransa ilifuta utumwa kwenye makoloni mwaka 1794, Napoleon akaurudisha 1802, picha iko katikati ya hiyo miaka kwahiyo kila mtu alimgeuza alama. Mwaka 2019 ikaonyeshwa makumbusho ya Musée d'Orsay Paris ikiwa na jina lake, Madeleine, mtu kutoka Guadeloupe aliyekuwa mtumishi kwa ndugu wa mume wa mchoraji. Kuna watu walilalamika kwamba kubadilisha jina la mchoro wa zamani ni kuchezea historia. Nawaelewa kidogo, ile lugha ya zamani nayo ni ushahidi wa zama zake na ingefaa ibaki imeandikwa pembeni. Lakini kumwita mtu kwa jina lake sio kuchezea historia, ni historia ile ile imefanyiwa kazi vizuri.

Na hapa ndo naona tofauti ya kweli ilipo, sio kati ya stori na ukimya, ni kati ya stori iliyotafutwa na stori iliyookotwa. Victorine Meurent, yule mwanamke wa kwenye Olympia, picha ya mwanamke uchi ya mchoraji wa Kifaransa Manet iliyozua balaa mwaka 1865, kwa miaka mingi ilisemwa aliishia kwenye ulevi akafa mapema, hadithi ya kawaida ya modo aliyeharibika. Watu walipoenda kwenye kumbukumbu wakakuta alikuwa mchoraji, mwaka 1876 kazi yake ilipokelewa kwenye Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, mwaka ambao kazi za Manet zilikataliwa, na aliishi hadi 1927. Skendo ilimuua miongo kadhaa kabla hajafa. Na pembeni yake kwenye ile ile Olympia kuna Laure, mwanamke mweusi ameshika maua, ambaye Manet aliandika jina na anuani yake kwenye daftari, basi, na watu waliandika vitabu kuhusu ule mchoro bila kumtazama.

Kesi inayonipa shida kuliko zote ni Gauguin, mchoraji wa Kifaransa. Mwaka 1892 huko Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, alimchora Teha'amana, binti aliyekuwa anaishi naye, amelala kifudifudi uchi, ana hofu, na yeye mwenyewe aliandika kwamba alirudi usiku akamkuta hivyo gizani. Binti alikuwa na miaka kama 13, Gauguin kashapita 40. Hapa huwezi kusema stori iko nyuma ya picha, stori iko ndani, ile hofu ndo mchoro wenyewe. Wanaotaka ishushwe ukutani wana hoja, maana kila mtu anayelipa kiingilio anamtazama mtoto ambaye hakuwa na uwezo wa kukataa. Wanaotaka ibaki nao wana hoja, kwamba ukiishusha unamficha Gauguin pamoja na makosa yake na Teha'amana anapotea mara ya pili. Mi niko na hawa wa pili lakini kwa sharti, umri wake uandikwe kwenye lebo mstari wa juu kabisa, sio chini, sio kwa maneno laini ya kumwita tu mwenzi wake wa Kitahiti. Pia iandikwe kwamba Gauguin aliporudi Tahiti mwaka 1895 alimkuta ameshaolewa na mtu mwingine. Makumbusho ambayo haiwezi kuandika hayo mambo mawili bora iutoe ule mchoro ukutani mpaka itakapoweza.