Laptopu yenye kadi mbili: uizime moja au uziache zote?

Mtu akileta laptopu ya Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, yenye kadi mbili za picha (ya Intel na ya NVIDIA), akilalamika kwamba inakula chaji na feni haitulii, mafundi wengi watamwambia azime kadi ya NVIDIA abaki na ya Intel. Amri ni fupi, `sudo prime-select intel`, kisha anawasha mashine upya. Wengine hupinga vikali: kadi mbili umezilipia, weka hali ya `on-demand`, Intel ichore kazi za kila siku na NVIDIA iamke kazi nzito inapoiita. Kwa maoni yangu pande zote mbili zina hoja, ila zote hukimbilia jibu kabla ya kuikagua mashine iliyo mezani.

Ushauri wa kuzima haukutoka hewani. NVIDIA ilipoleta Optimus, teknolojia yake ya kugawa kazi kati ya kadi mbili za laptopu, mwaka 2010, iliilenga Windows, na watumiaji wa Linux wakabaki wakijitafutia njia. Juni 2012, katika Chuo Kikuu cha Aalto nchini Ufini, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliulizwa kuhusu laptopu za aina hiyo, akajibu kwamba katika kampuni zote walizowahi kushughulika nazo, NVIDIA ndiyo mbaya kuliko zote. Uwezo rasmi wa kuipa NVIDIA programu moja tu huku Intel ikiendelea na nyingine ulifika na toleo la 435 la draiva ya NVIDIA, yaani programu inayoendesha kadi, mwaka 2019. Aliyezima kadi miaka ile alikuwa na haki.

Kwa mashine za zamani bado ana haki. Draiva ya NVIDIA kwenye Linux huweza kuizima kadi kabisa inapokosa kazi, kuanzia kizazi cha kadi kiitwacho Turing, kilichotoka 2018. Laptopu ya mtumba yenye kadi ya NVIDIA GTX 1050 ni ya kizazi cha nyuma yake. Ukiiweka `on-demand`, hata usifungue mchezo wowote, kadi hubaki macho na chaji inakwenda. Kwa mtu anayeishi na umeme wa kukatikakatika, hiyo si hasara ndogo.

Kukagua ni rahisi, ila usitumie `nvidia-smi`, amri ya kuonyesha hali ya kadi, maana amri hiyo yenyewe huiamsha kadi. Soma faili hili: `cat /sys/bus/pci/devices/0000:01:00.0/power/runtime_status`, ukibadili namba kama `lspci`, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani, imekupa nyingine. Likisema `suspended`, kadi imelala na huna sababu ya kuizima. Likisema `active` wakati hujafungua chochote kizito, anayekushauri uzime anastahili kusikilizwa.

Lakini kuna tundu la HDMI, la kuchomekea projekta au skrini ya nje, na hapa ndipo ushauri wa kuzima unapoumiza watu. Katika laptopu nyingi, hasa za michezo, tundu hilo limeungwa moja kwa moja na NVIDIA. Ukiizima kadi, umelizima na tundu. Niliwahi kuitwa na mwalimu ambaye projekta yake iligoma mbele ya wanafunzi. Alikuwa amebadilisha waya mara mbili na alishaanza kuwaza kuweka Ubuntu upya. Niliandika `ls /sys/class/drm`, inayoorodhesha njia za skrini zinazoonekana na mfumo, na kwenye orodha ikatokea `card0-eDP-1`, yaani skrini ya laptopu yenyewe, bila HDMI yoyote. Wiki iliyotangulia fundi alikuwa amemzimia NVIDIA ili betri idumu. Tulirudisha `on-demand`, tukawasha upya, na ukutani picha ikaja.

Lipo pia kosa ambalo halihusu upande wowote kati ya hizi mbili: Secure Boot, ulinzi wa mashine wakati wa kuwaka, ikikataa draiva isiyosainiwa, NVIDIA haifanyi kazi hata ubadilishe hali mara kumi. Anza na `mokutil --sb-state`, inayokuonyesha kama Secure Boot imewashwa, kabla ya kufuta na kusakinisha draiva upya.

Kwa mwenye kadi ya Turing au mpya zaidi, msimamo wangu ni `on-demand`, na aiache hapo. Hali ngumu ni ya yule mwalimu: kadi yake ni GTX 1050, na HDMI yake imeungwa na kadi hiyo hiyo. Sikumpa hali moja ya kudumu. Nyumbani anatumia `intel`; asubuhi yenye somo la projekta anarudisha `on-demand` na kuwasha mashine upya kabla ya kutoka mlangoni. Amri zote mbili amezibandika kwa karatasi chini ya kibodi.