Ron Quintana si «yule aliyetoa jina la Metallica» tu

Ikitajwa historia ya Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani, hakosi mtu wa kukirudia kile kisa: Ron Quintana alikuwa akilitafutia jarida lake jina, Lars Ulrich, mpiga ngoma wa bendi hiyo, akamshauri achukue Metal Mania, kisha Ulrich mwenyewe akaondoka na Metallica, jina jingine kwenye orodha ya Quintana. Kisa kimeisha, Quintana anarudishwa stoo.

Jamani! Huyu ndiye wa Rampage Radio, kipindi cha hevi metali kilichoanza 1982 kwenye KUSF 90.3 FM, redio ya Chuo Kikuu cha San Francisco iliyobebwa na watu wa kujitolea. Jina la bendi ni kazi ya dakika mbili. Kipindi ni kazi ya miaka.

Wengine hudhani dijei wa metali anabonyeza tu, kisha anatoka kwenda kuvuta sigara. Haya, rusheni hewani kaseti ya demo, rekodi ya majaribio ya bendi, tuone. Metali ya miaka ile ilitembea kwa kaseti, nakala ya nakala, na kila deki (mashine ya kaseti) iliyonakili ilikuwa na kichwa, kile kipande kinachosoma na kurekodi kanda, kilichokaa kwa pembe yake. Pembe ya deki ya studio isipolingana na ya kanda, sauti za juu zinafifia. Kwa msikilizaji mwenye redio ya spika moja ni balaa zaidi: kushoto na kulia zinafika zikiwa zimepishana kidogo, zinafutana, na matoazi yanageuka ukungu. Dawa yake ni bisibisi. Unaweka mono, yaani kushoto na kulia zikichanganywa kuwa moja, unatafuta kipande chenye matoazi mengi, unazungusha ile skrubu ndogo ya pembeni mwa kichwa, kidogo kidogo, mpaka sauti ing'ae kuliko popote, ndipo unarudi stereo. Ukimaliza zamu, irudishe ilipokuwa. Usiporudisha, kesho mtangazaji wa asubuhi atacheza kanda zake zote kama zinatokea chini ya godoro, na lawama zitawashukia «wale wa makelele».

Halafu kuna Dolby, mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda. Kanda iliyorekodiwa nayo ikichezwa bila, inachoma masikio. Iliyorekodiwa bila ikichezwa nayo, inazibika. Maandishi ya kwenye kasha usiyaamini, amini sikio.

Na FM yenyewe haikuumbwa kwa metali. Marekani mtambo hunyanyua sauti za juu kabla ya kurusha, kiasi cha desibeli 17 hivi kwenye kilohezi 15, na redio ya nyumbani huzishusha tena. Wimbo wa mapenzi wenye gitaa moja haupati shida. Metali ina matoazi mwanzo mpaka mwisho, kwa hiyo limita, kifaa kinachozuia sauti isipite kiwango, inakaba bila kupumzika: kila toazi likipigwa, sauti inazama. Dijei mgeni anasukuma fader, kitelezi cha sauti, ili «ipige zaidi», naye anapata uji. Mzoefu anaacha sindano ya kipima sauti chini ya nyekundu na kumwachia msikilizaji aongeze sauti kwake.

Matusi? FCC, mamlaka ya utangazaji ya Marekani, imeyaachia dirisha la saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Ndiyo maana metali ni muziki wa wasiolala.

Sawa, nakubali kwa shingo upande: leo demo yoyote unaipata kwenye simu, bila bisibisi. Lakini simu haijawahi kusikiliza kanda sitini mbovu ili ikuletee mbili.

Tarehe 18 Januari 2011 KUSF ilikatwa hewani ghafla, asubuhi, masafa yakauzwa kwa dola milioni 3.75 ili yapigwe muziki wa klasiki. Sina ugomvi na Beethoven. Nina ugomvi na chuo kinachoona masafa yale ni kiwanja cha kuuza, na watu waliojenga pale bila mshahara ni wapangaji.

Redio ya jamii yenye kabati la demo izihamishe sasa, kila kanda ikipangiwa pembe yake, ziwekwe kwenye faili za wav, zisizobana sauti. Msiniletee mp3 za kilobiti 128, zilizobanwa mno. Matoazi ndiyo hufa kwanza.